Bango la Rwamishenye

Kitu kikishabingirika mvunguni mwa kitanda hakijali cheo cha anayekitafuta. Awe padri au mkulima, mwenye shahada au asiyejua kusoma, atapiga magoti, atainamisha kichwa na kupapasa gizani. Anayeona aibu kuinama hubaki amesimama wima, mikono mitupu, na kitu chake kikabaki kule kule chini. Hiyo ndiyo maana ya methali isemayo, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jovitha Rutaihwa wa Rwamishenye, katika Manispaa ya Bukoba, aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, na kwenye mitihani aliikamilisha bila hata kufikiri. Kuiishi ndiko kulikomchelewesha.

Jovitha alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye mwendo wa mtu asiyedaiwa na yeyote. Alikuwa mchora mabango, binti wa mchora mabango. Baba yake, marehemu Datius Rutaihwa, aliandika kwa brashi majina ya maduka, zahanati, baa na mashine za kukoboa kahawa kuanzia Bukoba mjini hadi Kamachumu na Nshamba. Watu walizitambua herufi zake kama mama anavyotambua kilio cha mwanawe: nene miguuni, nyembamba kiunoni, hazikuyumba hata ukuta ulipoyumba. Mzee huyo hakuwahi kwenda kwa mtu kuomba kazi. "Kazi ya Rutaihwa inaijua njia ya kuja," alizoea kusema, na Jovitha aliurithi usemi huo pamoja na karakana, ngazi na makopo ya rangi.

Lakini dunia haikai mahali pamoja. Yalikuja mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine, na kazi ya brashi ikaanza kunyauka kama mgomba uliokosa samadi. Jovitha hakuwa mtu wa kukunja mikono na kulia. Alikwenda Mwanza kujifunza namna mabango ya kielektroniki yanavyotengenezwa na kuendeshwa, akarudi, na baada ya miaka ya kujinyima akanunua vipande vya skrini kubwa ambayo ingeunganishwa hapo hapo karakanani. Mume wake Avit, fundi umeme, mtu mpole wa maneno machache, alivifungua vifurushi kimoja kimoja na kuvipima. Vyote vilikuwa vizima.

Mahali pa kulisimamisha bango palikuwa tayari. Kiwanja cha karakana kilikuwa kwenye mteremko kando ya barabara kuu, pale ambapo kila gari litokalo Muleba hupita likiingia mjini.

"Watu watajua wamefika Bukoba kabla hawajaliona ziwa," Jovitha alimwambia mumewe, na macho yake yaling'aa kana kwamba bango lilikuwa limekwisha kuwaka.

Kikwazo kilikuwa kwenye ramani. Bwana Isaac, afisa mipango miji, aliitandaza mezani na kuweka kidole.

"Dada Jovitha, kiwanja chenu kipo katika eneo la makazi. Bango la rangi halina shida. Bango linalowaka na kubadilisha picha haliruhusiwi hapo, isipokuwa uombe kulegezewa masharti."

"Niombe?" Jovitha aliuliza. "Kwenye ardhi aliyoniachia baba yangu?"

"Ardhi ni yenu," Isaac alijibu kwa upole. "Ila mwanga hauishii kwenye mpaka wenu."

Alimweleza utaratibu. Tangazo lingebandikwa kwenye kiwanja, majirani wangetoa maoni katika mkutano wa mtaa, na maoni hayo yangepelekwa kwenye kamati ya mipango miji. Alipomsindikiza mlangoni aliongeza, "Nenda ukazungumze nao kabla ya mkutano. Hasa walio ng'ambo ya barabara, maana wao ndio mtakaotazamana nao."

Neno hilo liliingia sikio la kulia likatokea la kushoto. Jovitha alirudi nyumbani akakesha na michoro. Aliichora nguzo, msingi, nyaya na vipimo vya mwanga, kila mstari umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Tangazo likabandikwa getini. Majirani wakapita, wakasoma, wakaendelea na safari zao.

"Umeshafika kwa Ma Klaudia?" Avit alimuuliza jioni moja.

"Kufanya nini? Tangazo lipo pale. Anajua kusoma."

Ma Klaudia alikuwa muuguzi mstaafu na mwalimu wa kwaya katika usharika wa Kilutheri. Nyumba yake ilitazamana na karakana, ng'ambo ya lami, na madirisha ya vyumba vya kulala yalielekea huko huko. Kwa miaka mingi yeye na Jovitha walipungiana mikono tu, kila mmoja akiwa upande wake wa barabara.

Siku ya mkutano watu walijaa uwanja wa ofisi ya mtaa. Mwenyekiti, Mzee Kagaruki, alimkaribisha mwombaji aeleze ombi lake. Jovitha alisimama akiwa amevaa kitenge kipya na koti jeusi, akaning'iniza michoro yake ukutani na kuanza kueleza. Aliongea vizuri, kwa sauti iliyofika hadi nyuma, lakini maneno yake yalipita juu ya vichwa vya watu, na wao walimsikiliza kama wanaosikiliza misa ya Kilatini. Alimaliza kwa kusema, "Mkilikubali bango hili, mtaa huu utapata heshima ambayo haujawahi kuipata."

Minong'ono ikapita. Hakuna anayependa kuambiwa kwamba hajawahi kuwa na heshima.

Ma Klaudia alisimama taratibu. "Mimi nina swali moja tu. Mwezi wa kumi na moja, senene wakishuka, bango lako litakuwa linawaka?"

Watu walicheka, maana hakuna Mhaya asiyewangoja senene, panzi wale wa kijani wanaoliwa. Jovitha naye alitabasamu. "Litawaka mwaka mzima."

"Basi watalifuata. Senene na mwanga tunawajua. Watashukia pale kando ya lami, na wengine juu ya lami yenyewe. Na watoto wetu tunawajua, wakisikia senene wameshuka hata uji huachwa mezani. Malori ya mizigo yanateremka ule mlima usiku na mchana. Nani atasimama barabarani kuwazuia watoto?"

Kicheko kilikatika. Jovitha alikuwa na mengi ya kusema. Angeweza kusema hakulifikiria jambo hilo, na ungekuwa ukweli. Angeweza kuomba muda. Lakini alihisi mamia ya macho usoni mwake, na majivuno yakatangulia kujibu kabla ya akili.

"Bango langu halimwiti mtoto wa mtu," alisema. "Kila mzazi afunge mlango wake."

Uwanja ulizizima kama moto uliomwagiwa maji. Mzee Kagaruki aliuliza kama kuna mwingine mwenye maoni. Walikuwepo wengi, na hakuna hata mmoja aliyemuunga mkono.

Jibu la kamati halikukawia. Ombi lilikuwa limekataliwa, na mwombaji alikuwa huru kuleta jingine baada ya kupatana na majirani zake. Jovitha aliisoma barua ile amesimama, akaitia mfukoni, akaingia karakanani na kuifunika skrini kwa turubai. Siku zile hakula vizuri. Mafundi wake wawili walianza kuulizana kwa siri kama mwaka ungeisha wakiwa bado na kazi, na yeye aliwasikia.

Wakati huo ndipo alipotokea mtu mmoja aitwaye Philbert, dalali wa kila kitu pale mjini, mwenye viatu vinavyong'aa na ulimi uliopakwa asali.

"Mama, hizi habari za majirani ni za kupoteza muda," alisema akiegemea mlango. "Kuna njia fupi. Wewe nipe kitu kidogo, mimi namjua mtu. Mwezi huu huu unawasha."

Jovitha aliweka brashi chini. "Jina la Rutaihwa limeandikwa kwenye milango ya nusu ya mkoa huu," alisema. "Halijawahi kuandikwa kwenye kitu cha kuiba. Toka, na geti ulirudishie."

Philbert alitoka bila kuaga. Avit, aliyekuwa amejiinamia akitengeneza waya pembeni, alinyanyua kichwa. Uso wake ulijaa fahari.

"Hapo nimekuona binti wa Datius," alisema. Kisha akachagua maneno kama anavyochagua nyaya. "Kilichokuzuia kupita mlango wa nyuma ni heshima, mke wangu. Sasa nisaidie kuelewa. Kinachokuzuia kubisha hodi mlango wa mbele ni nini?"

Jovitha aliiokota brashi yake, akarudi kazini. Lakini mchana wa Jumamosi iliyofuata alivua koti lake jeusi, akajifunga khanga, akavuka barabara.

Ma Klaudia alikuwa nyuma ya nyumba, ameketi kwenye mkeka, anamenya ndizi za mlo wa jioni. Jovitha alipiga magoti kumsalimu, kama mwanamke wa Kihaya anavyofundishwa tangu utotoni, na kama ambavyo yeye hakuwa amefanya kwenye ua ule kwa miaka mingi. Mama yule alimtazama kwa mshangao aliojaribu kuuficha.

"Karibu, waitu, mwenzetu. Nilidhani umeniletea tangazo jingine."

"Nimekuja kuuliza, Ma Klaudia, sikuja kueleza. Uliuliza habari ya watoto, nami nikakujibu vibaya mbele za watu. Nisamehe. Swali lako lilikuwa la haki, na jibu sina."

Ma Klaudia alisogea, akampisha nafasi kwenye mkeka, akamsukumia kisu. Walimenya kwa muda mrefu, maganda yakirundikana kati yao, utomvu ukiwanata vidoleni. Sufuria ilipokaribia kujaa, mama alianza kusema bila kuinua macho.

"Nina mjukuu, Celina, mtoto wa binti yangu aliyeolewa Nshamba. Msimu wa mwaka juzi senene walishukia taa ya duka moja pale sokoni, duka limetazama barabara. Watoto wakakimbilia. Celina aliinama katikati ya barabara kuokota, na mwenye pikipiki hakumwona. Mimi nimefanya kazi wodini maisha yangu yote, nimeona mifupa mingi iliyovunjika. Ule wa mjukuu wangu ndio niliouona nikashindwa kusimama."

"Sikujua," Jovitha alisema.

"Ungejuaje? Hujawahi kuingia hapa tukaongea." Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayesema mvua imenyesha. "Mwenye duka hakuwa mtu mbaya, uelewe. Aliwasha taa tu wateja waone bidhaa."

Jovitha alishika kisu bila kumenya. Aliiona nguzo yake ya mchoro, imenyooka, nzuri, na chini yake barabara ambayo hakuwa ameichora. Kisha aliuliza kama angeweza kwenda kumwona mtoto huyo. Ma Klaudia alimtazama tena, safari hii bila kuficha kitu, akaitikia kwa kichwa.

Walikwenda Nshamba wote watatu kwa gari la mizigo la karakana, Avit akiendesha, Ma Klaudia amepakata mkungu wa ndizi za zawadi ambao hakukubali kuuweka nyuma. Celina aliwapokea kwenye kibanja cha wazazi wake, katikati ya migomba yao. Alikuwa mchangamfu, mwenye kuchechemea kidogo, na aliuliza maswali mengi kuhusu gari. Jovitha alimpa mkono, akashindwa kuuachia haraka.

Kisha wakaenda sokoni. Duka lilikuwepo pale pale, ila taa haikuwepo mbele. Mwenye duka, bwana mmoja mnene mwenye sauti ya chini, aliwapeleka uani.

"Baada ya yale ya mtoto sikuweza kuiwasha tena kule mbele," alisema. "Nikaihamishia huku, nikaizungushia mabati, wayagonge na kuteleza ndani ya mapipa. Msimu uliopita watu walikuja na ndoo zao, wakakamata senene humu humu ndani ya uzio. Barabarani hakwenda mtu."

Avit aliizunguka ile taa, akaitazama juu na chini. "Na ya mbele ilikuwa imezimwa kabisa?"

"Kabisa. Wanaufuata mwanga ulio mkali. Ukiwapa mmoja tu, hawana ubishi."

Walipokuwa wakitoka, Jovitha alisimama ghafla mbele ya duka. Juu ya mlango palikuwa na jina lililoandikwa kwa rangi ya bluu iliyopauka, herufi nene miguuni na nyembamba kiunoni. Kifua chake kilijaa. Mvua na jua la miaka yote hiyo havikuwa vimezishinda.

"Ni kazi ya baba yangu," alisema.

"Wewe ni binti wa Datius?" Mwenye duka alifurahi. "Alifikia kwetu alipokuwa akiandika hiyo. Mama yangu alikuwa mgumu, rangi hii haitaki, ile haitaki. Mzee wako alifuta na kuandika upya, anauliza, anafuta, anauliza. Alikuwa akikaa chini pale kizingitini kumsikiliza mama kama mwanafunzi. Ndiyo maana hatujaibadilisha."

Jovitha alikuwa amerithi nusu moja ya baba yake, ile isiyoomba kazi. Sasa alikuwa ameonyeshwa nusu ya pili. Njiani kurudi Avit alimwona akichora kwa kidole juu ya paja lake.

Wiki zilizofuata alibisha hodi nyumba kwa nyumba, pande zote mbili za barabara. Aliketi kwenye mikeka na kwenye viti vya kukunja, akatafuna punje za kahawa kavu, kama mgeni anavyokaribishwa Uhayani, akauliza. Mmoja alihofia mwanga chumbani, mwingine alihofia madereva kushangaa picha na kusahau kona. Alisikia pia maneno makali ambayo alistahili baadhi yake, na alipojisikia kujibu kwa haraka alitafuna kahawa kwanza. Kisha alirudi mezani na kuchora upya. Bango liligeuzwa likatazama barabara inayopanda, likayapa mgongo madirisha ya majirani. Picha zake zingetulia, zisirukeruke. Mwanga ungepungua jua likizama na kuzimwa watu wanapolala. Na msimu wa senene bango lisingewaka kabisa baada ya machweo. Badala yake taa kubwa ingewashwa nyuma ya karakana, ndani ya uzio, pamoja na mabati na mapipa, na geti la nyuma lingekuwa wazi kwa mtaa mzima.

Bwana Isaac alipousoma mchoro huo mpya aliurudia mara ya pili. "Haya nitayaandika kama masharti ya kibali," alisema. "Utayaweza?"

"Nimeyaomba mwenyewe," Jovitha alijibu.

Kwenye mkutano wa pili hakuning'iniza kitu ukutani. Aliulaza mchoro mezani, akawaita watu wausogelee, nao wakauzunguka wakionyeshana nyumba zao kwa vidole. Alipomaliza kujibu maswali, Ma Klaudia alisimama.

"Nilimpinga mtu huyu, na ningempinga tena kwa bango lile," alisema. "Hili ni jingine. Huyu alikuja kwangu akakaa chini, akaniuliza. Akafika hadi Nshamba kumwona mjukuu wangu. Mimi naunga mkono, na anayepinga aniambie mimi kwanza."

Mikono ilinyanyuliwa kama migomba inayoinuka baada ya upepo. Mzee Kagaruki aliihesabu, akacheka peke yake, akaacha kuhesabu. Kamati nayo ikaridhia, na kibali kikatoka.

Siku ya kusimamisha nguzo, Jovitha hakuhitaji kutafuta vibarua. Waliokuja ni majirani wenyewe, wengine na kamba, wengine na maneno tu, na kwaya ya Ma Klaudia ikaimba wakati nguzo ikipanda. Mafundi wake wawili walipanda juu kufunga vipande vya skrini, wakishuka kifua mbele kama askari waliotoka vitani na ushindi. Avit aliunganisha nyaya, akaangalia, akaangalia tena, kisha akamwita mkewe aje abonyeze mwenyewe. Bango likawaka, na maneno ya kwanza kutokea yalikuwa salamu kwa kila anayeingia Bukoba, jina la mtaa likiwa kubwa kuliko jina la karakana. Kazi zikaanza kuijua tena njia ya kuja.

Senene waliposhuka mwaka ule, bango lilikuwa giza kama ilivyoahidiwa. Taa ya uani ilimulika hadi mawinguni, na kijani kibichi kikamwagika juu ya mabati kama mvua. Wazee na watoto walijaa ndani ya uzio na ndoo zao, na Celina, aliyekuja kwa bibi yake likizo, alikuwa mmoja wao. Malori yaliteremka mlima, yakapita, na barabarani hapakuwa na mtu.

Asubuhi moja baada ya msimu, Jovitha alikuwa juu ya ngazi akifuta vumbi kwenye skrini. Ng'ambo ya barabara alimsikia Ma Klaudia akimwelekeza mgeni aliyekuwa akimtafuta fundi cherehani. "Teremka hivi mpaka pale," alisema mama yule, na sauti yake ilijaa majivuno ya mwenye mali. "Unaliona lile? Lile ni bango letu. Mlango unaofuata."

Jovitha aliacha kufuta. Alikuwa amesubiri maisha yake yote kuwa na kitu kirefu cha kusimama nacho, na kumbe kitu hicho kilikuwa chini, mahali ambapo aliyenyoosha shingo hakioni. Alikuwa ameinama, akakipata, akasimama nacho mbele ya mtaa mzima. Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.